Makaa ya Aden na meli za moshi za mwambao wetu

Tarehe 20 Machi 1830 meli ndogo ya moshi iitwayo Hugh Lindsay iling'oa nanga Bombay kuelekea Suez. Ghala lake la makaa ya mawe halikutosha safari hiyo, kwa hiyo makaa yalirundikwa kila palipopatikana nafasi, hata kwenye vyumba vya abiria. Baada ya siku 11 ilifika Aden, bandari ya kusini mwa Uarabuni, ikiwa karibu kumaliza akiba yote. Ikakaa hapo siku kadhaa ikipakia makaa mengine, ambayo yalikuwa yametangulizwa kwa merikebu ya matanga.

Naanza na safari hiyo kwa sababu inaonyesha kitu ambacho picha nzuri za meli za zamani hazikionyeshi. Nahodha wa jahazi hungoja msimu wa pepo, lakini upepo haununui. Meli ya moshi haikungoja kaskazi wala kusi, ila boila zake zilikula makaa usiku na mchana, na kila tani ya makaa iliyobebwa ilichukua nafasi ya tani ya shehena. Mwenye meli akijaza makaa, bidhaa zinabaki pwani. Akijaza bidhaa, moto unazimika katikati ya bahari. Dawa yake ilikuwa kubeba makaa ya siku chache na kusimama njiani. Ndiyo maana Gibraltar, Malta, Port Said, Aden, Colombo na Singapore zikawa na marundo ya makaa, na katika Atlantiki Mindelo ya visiwa vya Cabo Verde ikakua kwa kazi hiyohiyo.

Aden haikuwa chaguo la kwanza la Waingereza. Katikati ya miaka ya 1830 Kampuni ya East India, iliyokuwa ya Waingereza, ilijaribu kuweka kituo kwenye kisiwa cha Socotra. Sultani wa huko hakukubali kuuza kisiwa chake, na askari walioshushwa huko waliugua homa hadi wakaondolewa. Macho yakarudi Aden, yenye bandari iliyokingwa vizuri na milima ya mawe meusi. Mwaka 1837 meli Duria Dawlat, iliyopeperusha bendera ya Uingereza, ilipanda mwamba karibu na hapo na kuporwa. Tarehe 19 Januari 1839 Nahodha Stafford Haines aliuteka mji kwa mizinga. Uporaji ulitajwa kuwa sababu, nami nauita kisingizio, kwa kuwa haja ya kituo cha makaa ilikuwepo kabla meli hiyo haijapanda mwamba.

Makaa yenyewe hayakutoka Uarabuni. Yaliyopendwa zaidi yalichimbwa kusini mwa Wales, kwa kuwa yalitoa joto kali na moshi kidogo. Kabla ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, merikebu za matanga ziliyazungusha Rasi ya Tumaini Jema hadi Aden. Kwa hiyo tanga ndilo lililoilisha meli ya moshi, ile iliyokuja kuchukua kazi yake.

Meli ikitia nanga, matishali yalisogezwa ubavuni mwake na watu wakapanda na kushuka kwa mbao, kila mmoja na kikapu au gunia. Aden wengi wao walikuwa Wasomali na Wayemeni wa bara. Abiria waliofunga madirisha ili kukwepa vumbi waliandika mengi kuhusu joto la Aden, lakini hawakuandika majina ya waliobeba. Kumbukumbu za bandari za enzi hizo hutaja tani zilizopakiwa na saa zilizotumika, na mgongo uliobeba tani hizo unabaki bila jina. Ni pengo linaloniuma kila ninapoyafungua makaratasi hayo.

Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza safari ya kila mwezi ya kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar, ikilipwa ruzuku na serikali ya Uingereza. Barua kwa Kiingereza ni "mail", na chombo kilichozileta tukakiita meli. Hata neno stima, ambalo leo Mkenya analitumia kwa umeme, lilikuwa kwanza jina la chombo cha mvuke.

Watu wa mwambao nao waliingia ndani ya vyombo hivyo, chini kabisa, kwenye matanuri. Jeshi la majini la Uingereza liliwaandika kazi vijana kutoka Zanzibar, Aden na Bombay, likiwaita "Seedie", na baadhi yao walikuwa watumwa waliokombolewa baharini. Walitupia makaa kwa beleshi katika joto ambalo wakubwa walidai Mzungu hawezi kulistahimili. Vitabuni wengi waliandikwa kwa majina ya mzaha waliyobandikwa na mabaharia, jambo linalotutesa leo tunapotafuta ukoo wa mtu.

Nguvu ya mwenye makaa ilionekana wazi hapa kwetu mwaka 1914. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka Dar es Salaam siku chache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa haina bandari ya kirafiki ya kupata makaa nje ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na Waingereza wakanunua akiba iliyokuwa Msumbiji ya Wareno ili isiipate. Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji ikiwa na injini mbovu na makaa haba. Vipande vya boila vilikokotwa kwa nguvu za watu, nchi kavu, hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Aprili 1915 meli Rubens, iliyotumwa na Wajerumani, ilikuja na makaa kwa ajili yake, ikafukuzwa na kuishia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Wajerumani waliopoa silaha na risasi nyingi humo, lakini makaa hayakufika Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa mizinga, Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe mtoni, ikiwa na boila zilizotengenezwa lakini bila yale makaa iliyoyangojea.