Je, wajua? Mchezo wa kompyuta wa 1977 haukujua Kiingereza

Mwezi uliopita nilipanda Coaster kutoka Moshi kwenda Arusha kumwona dada yangu. Jioni mwanawe, aliye kidato cha tatu, akaniwekea kompyuta mezani. "Mjomba, ule mchezo wako nimeupata."

Ulikuwa Adventure, mchezo wa maandishi matupu. Hauna picha wala muziki. Aya fupi inakuambia umesimama mwisho wa barabara, mbele ya jengo dogo la matofali, kisha unaachiwa mstari mtupu uandike utakachofanya. Akaingia ndani ya jengo, akakuta taa sakafuni, akaandika "chukua taa". Mchezo ukajibu kwamba haulijui neno hilo. Akaandika TAKE LAMP. Taa ikachukuliwa.

"Kumbe huu unajua Kiingereza tu."

Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 1998, katika chumba cha mafunzo ya kompyuta jirani na stendi ya Moshi. Tulikuwa tukifundishwa WordPerfect, programu ya kuandikia, na Lotus 1-2-3, ya majedwali ya hesabu, kwenye mashine za mtumba, na mtu alikuwa amesahau disketi yenye mchezo huu. Nchi yetu ilizuia kuingiza kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo wengi wetu tulikutana na mchezo wa 1977 ukiwa umeshazeeka. Kwangu ulikuwa mpya kabisa. Niliamini kwamba ndani ya ile mashine mna kitu kinachoelewa Kiingereza, na niliendelea kuamini hivyo, tena nikiwaeleza wengine, mpaka nilipokaa chini kusoma programu yenyewe mstari kwa mstari. Mchezo ule haukujua Kiingereza zaidi ya ulivyojua Kiswahili.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Will Crowther, mtaalamu wa programu huko Massachusetts aliyeshiriki kujenga ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, alikuwa mpenzi wa kutambaa mapangoni. Katikati ya miaka ya 1970 aliandika mchezo huu akiwafikiria binti zake, akitumia ramani ya sehemu aliyoijua ya Mammoth Cave, pango la Kentucky lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua, na toleo hilo ndilo lililosambaa duniani. Ninayoeleza hapa ni ya toleo la Woods.

Sasa twende Posta.

Karani anayepanga barua hasomi kilichomo ndani ya bahasha. Anatazama S.L.P. Akiona namba anatupia kwenye sanduku lenye namba hiyo, basi. Sanduku moja linaweza kuwa la parokia nzima: barua ya paroko, ya katekista na ya mwalimu wa kwaya zote zinaangukia humo. Karani hahitaji kujua katekista anafanya kazi gani. Hata angekuwa hajui maana ya neno "katekista", barua ingefika.

Adventure ulifanya kazi hiyohiyo. Ndani yake mlikuwa na jedwali la maneno kama 300 hivi, kila neno na namba yake. Funguo zilikuwa 1001, taa ilikuwa 1002. Neno LAMP lilikuwa na 1002, LANTERN nalo 1002, kama parokia ile ya sanduku moja. Vitendo vilianzia 2000: TAKE ilikuwa 2001, na CARRY, GET na KEEP vilevile. Namba zilizo chini ya 1000 zilikuwa za kutembea: kaskazini, juu, ndani. Programu ilipopata neno lako ililitafuta kwenye jedwali, ikagawa namba yake kwa elfu ili ijue ni la kundi gani, ikaenda kwenye maagizo ya kundi hilo. Ulipoandika TAKE LAMP, mashine ilibaki na 2001 na 1002. Taa, mwanga, mkono unaoinama kuokota, hayo yote yalikuwa kichwani mwako.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni kwamba STEAL, yaani iba, nalo lilikuwa 2001. Kuiba na kuchukua kwake vilikuwa sanduku moja. CATCH, kamata, humohumo. Ushahidi wa pili: mpangilio wa maneno. Fuata njia ya programu utaona kwamba LAMP TAKE inafika palepale inapofika TAKE LAMP, kwa sababu inachotaka ni kitendo kimoja na kitu kimoja, kipi kimetangulia si shauri lake. Na ushahidi wa tatu ni XYZZY, neno la uchawi linalokutoa ndani ya jengo na kukutupa pangoni. Halina maana kwa Kiingereza wala lugha nyingine yoyote. Lakini lilikuwa kwenye jedwali, chini ya 1000, pamoja na maneno ya kutembea, na mashine "ililielewa" kikamilifu kama ilivyoielewa taa.

Fikiria pia konda wa daladala, pale Kilombero ya Arusha, saa kumi na mbili jioni. Abiria anaweza kumsimulia kwamba anakwenda kwa shangazi yake anayeumwa mguu, nyumba ya tatu baada ya duka la dawa. Konda anasubiri neno moja: Kijenge. Akilipata amepata kila anachohitaji. Tofauti ni kwamba konda angeweza kuusikiliza mguu wa shangazi kama angetaka. Mashine haikuwa na kitu cha kusikilizia.

Mbona basi tuliamini? Hapa nataka kukaa kidogo, maana hatukuwa wajinga. Mchezo ulikuwa umetengenezwa kwa uangalifu mkubwa sana.

Kwanza ulijiita "mimi". Mwanzoni kabisa uliahidi kuwa macho yako na mikono yako, na ukakuomba uuelekeze kwa amri za neno moja au mawili. Sharti liko wazi, lakini anayekuambia "mimi" tayari umeshampa kichwa na masikio. Pili, ulipokosea hukujibiwa vilevile kila mara. Majibu ya kutokuelewa yalikuwa matatu, na programu ilichagua mojawapo kwa bahati nasibu. Sisi tuliona kiumbe kinachobadilika hali ya moyo. Tatu, ukiandika WEST, yaani magharibi, kwa ukamilifu mara kumi, mchezo unakushauri kwamba ukipenda unaweza kuandika W tu. Nakumbuka siku niliyoupata ushauri huo. Niliacha kibodi nikamwita mwenzangu aje aone kwamba kompyuta imenihurumia vidole. Ilikuwa kihesabio: moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

La nne ndilo lililonistaajabisha nilipolisoma. Kompyuta waliyoitumia, PDP-10, ilihifadhi kumbukumbu kwa vifungu vya biti 36, biti ikiwa ni sifuri au moja. Herufi moja ilichukua biti 7. Kwa hiyo kifungu kimoja kilibeba herufi 5 na biti moja ikabaki bure. Ili neno zima likae kwenye kifungu kimoja, mchezo ulisoma herufi 5 za mwanzo tu. LANTERN kwake ilikuwa LANTE. Herufi zilizobaki hazikuwa na kazi yoyote katika kulitambua neno, na hata hivyo programu ilizitunza, mpaka ya kumi, pembeni. Ukiandika LANTERN peke yake, mchezo unakuuliza unataka kuifanya nini hiyo LANTERN, neno zima kama ulivyoliandika. Mkia wa neno ulitunzwa ili urudishiwe wewe. Ukisikia neno lako limerudi limekamilika, unaamini limesikika lote.

Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Massachusetts, alikuwa ameshaliona jambo hili mwaka 1966 na programu yake ELIZA, iliyokuwa ikichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Alishtuka kuona jinsi watu walivyoifungulia mioyo.

Hapo mpwa wangu akaniuliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza Moshi. "Kwa hiyo tukibadilisha jedwali, mjomba, itacheza Kiswahili?"

Itacheza, na Kiswahili kitaipa taabu ya aina yake. Lugha yetu huweka mambo mengi mbele ya kitenzi. Kata herufi 5 za "nimeichukua" unapata NIMEI. Kata "nimeiwasha" unapata NIMEI. "Nimeizima", NIMEI. Mkasi umetupa kitendo chenyewe na kubakiza habari za nani na lini. Lakini mchezo huu hauzungumzi hivyo, unapokea amri, na katika amri Kiswahili huvua viambishi vyote: chukua, washa, zima, soma. Kitenzi kinasimama utupu mbele ya mashine, tayari kutafutwa kwenye jedwali. Mkasi hata unasaidia mahali pengine, maana "mlango" na "mlangoni" vyote ni MLANG.

Shida yetu ilikuja kwa "fungua". Herufi tano: FUNGU. Na "funguo"? FUNGU. Katika mchezo wa kufungua malango, kitendo na chombo chake vimegeuka kitu kimoja. "Mashariki" na "mashairi" nayo ni MASHA, ingawa pangoni mashairi ni nadra.

Zork I ya 1980, iliyotoka kwa vijana wa MIT waliounda kampuni ya Infocom, ilikata kwenye herufi ya 6, na hapo FUNGUA na FUNGUO zingeachana salama. Nisiwaonee hao waliofuata: Zork ilipokea sentensi ndefu, ikajua kuweka kitu ndani ya kingine na kuchukua vyote isipokuwa kimoja. Posta ilikuwa kubwa zaidi na makarani wengi zaidi. Ilibaki Posta.

Halafu ikaja michezo ya kubofya. Maniac Mansion ya 1987 iliweka vitenzi vyake vyote chini ya skrini, 15, ukabofya kitenzi kisha ukabofya kitu. Kufikia Monkey Island 2, mwaka 1991, vilikuwa 9. Wenzangu wengi husema kubofya kuliua uhuru wa kuandika. Naona kubofya kulisema ukweli: kuliliweka jedwali mezani. Orodha ilikuwa na mwisho tangu zamani, ila mstari mtupu haukuonyesha mwisho huo uko wapi, na mtu aliyekaa mbele yake usiku, na orodha asiyoiona, alijaribu kila kitu alichokijua.

Hicho ndicho ninachokikumbuka kwa hamu, na hapa nasema la moyoni mwangu, si la kitaalamu. Ilikuwa kama kitendawili. Mtegaji anakaa na jibu lake moja, nawe unarusha kumi, ishirini, na kila linalokosea linakufundisha ukubwa wa kiza. Ukishindwa, "nipe mji," unatoa mji. Adventure nao ulikuwa na miji yake: ukikwama mahali fulani kwa muda, uliuliza kama unataka kusaidiwa, na msaada ulikatwa kwenye alama zako, kati ya 350 zilizokuwapo. Moshi tulikuwa watatu kwenye kibodi kimoja na hatukukubali kutoa mji hata siku moja. Kiingereza changu nilikipata humo kwa sehemu kubwa. Nilijifunza maneno ili niyajaribu, na kila neno lililokataliwa nililihakiki kwenye kamusi nikidhani nimelikosea tahajia.

Mpwa wangu hakulala mapema. Aliandika jedwali lake, maneno 41, kwa mchezo unaoanzia kwenye mdomo wa handaki huko Marangu, kama yale ambamo Wachagga walijificha na mifugo yao nyakati za vita. Aliamua kubaki na herufi 5, kwa heshima ya zile biti 36, na tatizo la FUNGU akalimaliza kwa kuweka ufunguo mmoja tu katika handaki zima: UFUNG. Kisha akaniita nijaribu. Nikaandika "chukua taa", ikajibu "Tayari, unayo." Nikaandika "iba taa". "Tayari, unayo."

Dada yangu alikuwa akipita na sufuria. Akasoma skrini akasimama. "Kuiba na kuchukua tangu lini ni kitu kimoja humu ndani?"

"Mama, ndivyo Woods alivyofanya."

"Huyo Woods hakai hapa."

Basi IBA ikatolewa 2001 ikapewa namba yake, 2012. Sasa ukiiba taa, mzee aliyekaa gizani upande wa MAGHA anakohoa, na anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.