Je, wajua ni wiki zipi ambazo mahindi hayavumilii kiu?

Mkulima anayemwagilia kutoka kwenye kisima kinachopungua, katika mwaka ambao mvua imekatika mapema, hushawishika kugawa maji yake sawa kwa sawa tangu kupanda hadi kuvuna. Mgawo huo ni kosa, kwa sababu mahindi hayaumizwi na ukame kwa kiwango kimoja katika kila hatua ya ukuaji.

Sababu imo katika ua lenyewe. Mbelewele iliyo kileleni humwaga chavua, nazo ndevu zinazochomoza kwenye ncha ya hindi changa huipokea. Kila udevu umeunganishwa na punje moja tu, kwa hiyo udevu usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi. Ndevu hizo kwa sehemu kubwa ni maji, na mmea wenye kiu huchelewa kuzirefusha, ilhali mbelewele haisubiri: humwaga chavua yake kwa takriban wiki moja na kumaliza. Ndevu zikichomoza baada ya hapo hukuta chavua imekwisha, na maji yatakayoletwa, hata yawe mengi kiasi gani, hayatarudisha punje ambazo hazikutungwa. Hata zilizotungwa hazijawa salama, kwani kiu ikiendelea mmea huziacha punje changa za nchani zinyauke.

Mahindi machanga, yakishaota vizuri, hustahimili zaidi. Ukame wa wastani huyadumaza kidogo, lakini hasara yake kwa kawaida ni ndogo. Kwa hiyo maji machache yawekwe akiba kwa kipindi cha kuanzia wiki mbili hivi kabla ya kuchanua hadi wiki mbili baada yake.

Akiba hiyo si ndogo. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000, na wakati wa kuchanua, jua likiwa kali, mahindi yanaweza kutumia milimita 7 au zaidi kwa siku. Ni heri hesabu hii ifanywe kabla ya kupanda, kwa maana eneo dogo linalomwagiliwa vya kutosha wakati wa kuchanua huweza kuzaa kuliko eneo kubwa lililolambishwa maji.

Udongo wa kichanga, usioshika maji mengi, humwagiliwa kidogo kidogo na mara kwa mara. Wa mfinyanzi huweza kungoja. Majani yaliyojikunja saa za adhuhuri peke yake hayatoshi kuwa dalili ya hatari, lakini yakikutwa yamejikunja asubuhi, maji yamekwisha kuchelewa. Njia ya uhakika zaidi ni kuchimba hadi kwenye mizizi na kufinyanga udongo kiganjani. Tabaka jeusi likishaonekana kwenye kitako cha punje, hindi limekomaa, na maji yoyote yanayoongezwa hapo ni ya bure.