Je, wajua kwa nini Medicare, bima ya umma ya Marekani, humlipa tabibu wa kairopraktiki kwa kusukuma mgongo, lakini si kwa mazoezi ya viungo?

Msimu wa viazi, pale Uyole nje kidogo ya Mbeya mjini, vijana hushinda wakipandisha lumbesa kwenye malori. Gunia limejazwa hadi kushonewa kilemba juu, uzito umepita kilo 100 zinazoruhusiwa, na linapanda kwa mgongo wa mtu. Kiuno kikikaza, jioni anatafutwa mama anayejua kukanda, anapewa chake mkononi, yameisha. Kisipolegea, ni safari ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kitengo cha fiziotherapia, na hapo ndipo kadi ya bima inapotolewa. Mgongo ni uleule, lakini bima huuliza kwanza nani ameushika.

Marekani swali hilo limezaa ugomvi wa zaidi ya miaka 50. Kairopraktiki ilianzishwa na D. D. Palmer mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa. Tabibu wake husukuma pingili za uti wa mgongo kwa mikono, mara nyingi kwa msukumo mmoja wa ghafla unaoalika. Medicare, bima ya umma ya wenye miaka 65 na zaidi pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu, ilipitishwa kisheria mwaka 1965 bila matabibu hao kuwemo. Sheria ya 1972 ndiyo iliyowaingiza, tena kwa jambo moja tu: kusukuma pingili kwa mikono ili kurekebisha iliyokaa vibaya. Hadi mwisho wa 1999 walitakiwa hata kuwa na picha ya eksirei kuthibitisha hitilafu hiyo.

Sasa, anayeumwa kiuno haponi kwa kusukumwa tu. Anahitaji mazoezi ya kukaza misuli, pengine joto, pengine umeme mdogo wa kutuliza maumivu. Katika majimbo mengi leseni ya kairopraktiki inaruhusu kuyafanya hayo. Kasheshe huanza kwenye madai. Kila huduma ina namba yake: 98940 ni kusukuma sehemu moja au mbili za mgongo, 97110 ni mazoezi tiba, na huhesabiwa kwa kila dakika 15. Namba 97110 hueleza kilichofanyika, haielezi aliyekifanya. Sheria ya Medicare, kinyume chake, inamtazama aliyekifanya. Tabibu wa kairopraktiki akiidai, hata kama mazoezi yalikuwa mazuri na mgonjwa kapata nafuu, Medicare hailipi, na gharama humwangukia mgonjwa.

Baadhi ya kliniki huajiri daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ili madai yapite kwa jina lake. Akifanya kazi hiyo mwenyewe, hakuna kosa. Shida ni pale jina lake linapokuwa kwenye karatasi huku mgonjwa akisimamiwa na msaidizi asiyesomea kazi hiyo. Kanuni zilikazwa mwaka 2005: anayetoa tiba ya viungo chini ya daktari lazima awe na mafunzo ya fani hiyo.

Ukali huo una sababu. Mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alikadiria kwamba, kati ya dola milioni 438 ambazo Medicare ililipa kwa kairopraktiki mwaka 2013, takriban dola milioni 359 hazikustahili kulipwa, yaani asilimia 82. Na hizo zililipwa kwa huduma ileile inayoruhusiwa, ya kusukuma mgongo. Nyingi zilikuwa za wagonjwa ambao hawakuonekana kuihitaji kitabibu.

Hata hivyo, wanakairopraktiki wana hoja ninayoiona nzito. Mzee wa mji mdogo anayemwamini tabibu mmoja wa mgongo analazimika kumtafuta mwingine kwa ajili ya mazoezi, au alipe mfukoni. Dawa ya hilo ni kubadili sheria, na tangu 2019 mswada wa kupanua malipo yao umefikishwa kwenye Congress, bunge la Marekani, zaidi ya mara moja. Hadi mwisho wa 2024 haukuwa umepita. Kuandika jina la mwingine kwenye madai ni jambo tofauti kabisa. Huko ni kuchota fedha za wagonjwa.

Kwetu Tanzania, NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliundwa kwa sheria ya 1999, tiba asili na tiba mbadala zikapata sheria yake 2002, na ya Bima ya Afya kwa Wote ikaja 2023. Kutambuliwa kisheria na kulipwa na bima ni mambo mawili. Kwa hiyo ukitoka kitengo cha fiziotherapia, Iringa au Mbeya, na ukaombwa kusaini fomu ya madai, soma kilichoandikwa. Kama umekandwa dakika 10 na fomu inasema mazoezi ya siku tatu, uliza hapo hapo dirishani kabla ya kuweka sahihi. Mwenye mzazi au ndugu anayetibiwa Marekani kwa Medicare amwambie aulize mapema: haya mazoezi anayatoa nani, na yatadaiwa kwa jina la nani?