Majivu si mbolea kamili

Kila kiangazi moshi hutanda Urambo, Sikonge na Uyui, mkoani Tabora: mabua ya mahindi yanachomwa kwa imani kwamba majivu hurutubisha shamba. Imani hii ina chembe ya ukweli. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, tena hupunguza uchachu wa udongo, ndiyo maana mahindi ya msimu wa kwanza hustawi. Lakini kaboni na naitrojeni karibu yote vimeondoka na moshi, na majivu yenyewe huchukuliwa na upepo au mvua za kwanza. Udongo wa Tabora mwingi ni kichanga. Bila mboji haushiki maji wala virutubisho.

Asiyechoma naye aangalie. Mabua ya mahindi yana kaboni takriban mara 60 ya naitrojeni. Ukiyafukia karibu na kupanda, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya naitrojeni ya udongo, na miche huwa njano kuanzia majani ya chini. Afadhali uyakate, uyatandaze juu mara baada ya kuvuna, pamoja na masalia ya karanga au majani ya mbaazi. Mchwa watakula sehemu, sawa tu. Vishimo vyao hupitisha maji.

Mabua ya tumbaku ni habari nyingine: hubeba magonjwa, hayo yang'oe uyachome.