Shinikizo la chemba: kwa nini risasi mbili zenye jina moja si sawa

Pale Makambako, njia inapogawanyika, ya Mbeya huku na ya Songea kule, fundi pancha hakuwekei upepo kabla hajajua ni gari gani. Tairi la lori hubeba upepo wa 120 hivi. Tairi la gari dogo halikuundwa kubeba huo. Namba hiyo ni kipimo cha shinikizo, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Ishike, tutairudia.

Shinikizo la chemba ni msukumo wa namna hiyohiyo, ila unatokea ndani ya tundu ambamo risasi hukaa ikisubiri kufyatuliwa. Fataki iliyo kitakoni mwa ganda ikigongwa huwasha baruti. Baruti hugeuka gesi ya moto, na gesi, kwa kuwa imebanwa, husukuma kila upande. Mbele inasukuma kichwa cha risasi kiingie mtutuni, nyuma inasukuma kitako, na pembeni inasukuma kuta za chuma. Yote huchukua muda wa sekunde moja ukiigawa mara elfu.

Tuchukue rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ambayo chemba zake zimetobolewa ndani ya silinda hiyo. Risasi ya .45 Colt ilitoka Marekani mwaka 1873, enzi za baruti nyeusi, na kikomo chake rasmi huko ni pauni 14,000. Hilo ni zaidi ya mara 110 ya tairi la lori. Ile ya .44 Magnum, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950, kikomo chake ni 36,000, mara 300 ya tairi. Baadaye zikaundwa rivolva za .45 Colt zenye silinda nene ya chuma bora, na wenye kujijazia risasi kwa mkono huko Marekani wakaanza kuijaza risasi hiyo ya kale hadi karibu pauni 30,000. Vitabu vya vipimo vya huko vina kurasa za pekee kwa ajili ya rivolva hizo zenye nguvu, na ukurasa wenyewe hutaja ni rivolva zipi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Waundaji wa .44 Magnum walirefusha ganda lake kulipita la .44 Special, risasi laini iliyoitangulia, makusudi, ili risasi kali isiingie kwenye silinda ya bastola dhaifu. .45 Colt haina kinga hiyo. Risasi laini na risasi kali zina ganda lilelile, urefu uleule na jina lilelile kitakoni. Ile kali itaingia kwenye bastola ya zamani bila kukwama, na katika bastola nyingi za risasi sita pale penye ukuta mwembamba kuliko pote pamechimbwa tena kijishimo cha kufungia silinda, juu ya chemba kabisa.

Watu wengi hudhani ukiongeza baruti kwa sehemu moja ya kumi, shinikizo nalo litapanda kwa sehemu moja ya kumi. Sivyo. Baruti isiyotoa moshi huungua kwa kasi zaidi kadiri inavyobanwa, na ikiungua kwa kasi hubana zaidi. Shinikizo huzaa shinikizo. Ndiyo maana kukizamisha kichwa cha risasi ndani ya ganda kidogo tu kuliko ilivyoelekezwa kunatosha kulipandisha, ingawa baruti haikuongezwa hata punje. Joto nalo lina mkono wake: risasi iliyojaribiwa asubuhi ya baridi kali ya Kitulo haitakuwa na shinikizo lile ikiachwa ndani ya gari kwenye jua la Usangu.

Ganda la .45 Colt, kwa kuwa lilitengenezwa kubeba baruti nyeusi nyingi, ni pana. Baruti za kisasa zinazoungua haraka hujaza sehemu ndogo tu, kwa hiyo kipimo kikimiminwa mara mbili kwa kusahau, kinaingia chote na hakimwagiki. Mwenye kazi yake humulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga. Kila moja.

Nimekulia Kilolo, na babu yangu alikuwa na gobore. Alikuwa na kipande cha mwanzi cha kupimia baruti, na hakumruhusu mtu mwingine kupima wala kushindilia. Nilidhani ni uchoyo wa wazee. Leo naelewa kwamba kipimo kile kilikuwa cha gobore lile, si cha gobore la jirani.

Jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote ni hili: dalili huchelewa. Wajaza risasi husema ganda likiwa gumu kutoka, au fataki ikilala bapa, punguza baruti. Ni kweli, lakini fataki na ganda vinaweza kuonekana salama kabisa kwenye pauni 25,000, wakati bastola dhaifu imeshavuka mpaka wake kwa mbali. Chuma cha bastola kinaweza kupasuka kabla shaba ya ganda haijalalamika. Kwa hiyo usalama hautafutwi kwenye ganda lililokwisha kulipuka. Unatafutwa kwenye kitabu cha vipimo, kwa kuanzia kipimo cha chini na kutovuka kile cha juu, na kwa baruti ileile iliyotajwa.

Hapa kwetu huwezi kujitengenezea risasi nyumbani bila leseni. Silaha na risasi zina sheria yake, ya mwaka 2015. Hata hivyo dhana hii inamhusu kila anayemiliki silaha kihalali, na hata mrithi wake. Boksi la risasi kali hutakiwa liandikwe jina la bastola moja tu iliyokusudiwa, aina na uzito wa baruti, na tarehe. Ukikuta kwenye kabati la marehemu risasi zilizojazwa kwa mkono, boksi halina maandishi, usizijaribu kwenye bastola yoyote hata kama zinaingia vizuri. Toa taarifa polisi, wazichukue.