Mwenza wako akikukaba koo, nenda hospitali hata kama hakuna alama

Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii hospitalini hapa Tanzania, wanawake wengi huanza kueleza majeraha yanayoonekana: jicho lililovimba, mkono uliovunjika. Shingo huja mwishoni, tena kwa kuipunguza uzito: "Alinikaba kidogo tu." Mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana hatari ya takriban mara saba zaidi ya kuja kuuawa naye. Na mkabaji anaweza asiache alama yoyote, hasa kwenye ngozi nyeusi ambako wekundu hauonekani kirahisi. Mshipa wa damu ulioumia ndani ya shingo unaweza kuleta kiharusi saa au siku kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, macho yakiwa na vidoa vya damu, au kama ulizimia hata kwa sekunde chache au ukajikojolea, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Mjamzito asisubiri dalili.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hata hivyo bado napokea wanawake waliopitishwa kwanza kwenye kikao cha ukoo, mume akaomba radhi mbele ya wazee, jioni wakarudishwa nyumba moja. Nawaheshimu wazee, lakini kukabwa si jambo la kusuluhishwa sebuleni.

Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo utapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono: daktari, polisi na afisa ustawi wako pamoja, hivyo hurudii mkasa wako kila mlango. Kama pia alikubaka, wahi ndani ya saa 72 upate dawa za kujikinga na VVU.

Ukiwa dada, rafiki au jirani wa mwanamke wa namna hii, usimuulize mbele ya mumewe, wala kwa meseji, maana simu hukaguliwa. Mkiwa wawili tu, muulize waziwazi: "Amewahi kukushika shingo?" Usimshinikize aondoke leo bila mpango, wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa. Jitolee kumfichia kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki za watoto, nguo na nauli.