Cherehani kuukuu: izungushe kabla ya kuuliza bei

Wauzaji wa cherehani kuukuu hapa Mombasa wanajua kung'arisha rangi na kusifia chapa. Chapa mimi huitazama mwisho. Pwani hewa ina chumvi, na sehemu inayoliwa na kutu mara nyingi ni ile usiyoiona.

Nenda na sindano mpya namba 14, nyuzi za rangi mbili, kipande cha leso, kipande cha jinzi, bisibisi na tochi. Kabla ya kutia uzi, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako, polepole. Likiwa zito mzunguko mzima, kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda. Wako watu hutia mafuta ya kupikia, nayo hugeuka ulimbo. Hilo lisikutishe, tena ni sababu nzuri ya kuteremsha bei. Tia matone mawili matatu ya mafuta taa kwenye kila tundu na kiungo, iache ilale hivyo, kisha izungushe na upanguse. Malizia kwa mafuta halisi ya cherehani, maana mafuta taa huacha chuma kikavu. Spiriti usiipake kwenye maua ya dhahabu yanayopamba cherehani, huondoa vanishi.

Ikikwama mahali pamoja tu, toa kikasha cha bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) utazame nyuma ya ndoana, kile chuma chenye ncha kinachonasa uzi wa juu. Huenda uzi umenasa. Ukiutoa na bado inagonga, huenda kuna chuma kilichopinda, achana nayo. Kutu ya miguu ya chini ni kazi ya brashi ya waya na rangi, lakini ikishachimba vishimo kwenye ncha ya ndoana, uzi utakuwa ukikatika kila siku.

Sasa tia uzi wa rangi moja juu na wa nyingine chini, ushone leso mikunjo miwili, kisha jinzi. Uzi wa chini ukichungulia juu, mkazo wa uzi wa juu umezidi. Vitanzi vikijaa chini, wengi hulaumu bobini. Kumbe uzi wa juu haukukaa kati ya visahani vya mkazo, kwa kuwa ulipitishwa mguu wa kubana kitambaa ukiwa chini. Inua mguu, upitishe upya. Ikiruka mishono, hakikisha upande bapa wa sindano unaelekea ndoana. Ikiendelea kuruka na sindano ni mpya, ndoana imelika au haikutani na sindano kwa wakati wake, na hapo unanunua kazi ya fundi.

Kwa matumizi ya nyumbani ningechagua Singer 15K, au Butterfly ya China iliyofuata umbo hilo, kwani bobini, kikasha na sindano zake ni rahisi kupata. (K ni ya kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980.) Zile za shato (kibebeo cha bobini) refu jembamba, kama Singer 28, zinapendeza, ila shato likipotea umebaki na pambo la sebuleni. Zote hizi hushona mshono mnyoofu tu: mapazia, foronya na madera sawa, kitambaa kinachovutika hapana.

Yenye mota, soma kibati chake kabla ya kuichomeka. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 110; ukiichomeka kwenye 240 yetu itaungua. Waya ukikunjika na mpira wake ukameguka, toa bei ya waya mpya kwenye bei yake.